Si Kila Kinachouma Chini ya Kitovu ni Mshipa

Hakuna jambo katika mwili wa mtoto wa kiume linaloweza kunishangaza mimi. Hakuna, narudia! Vijana wa Mtambile wakinipita barazani huniamkia, "Shikamoo Fundi," nami nawaitikia marahaba huku nacheka moyoni, maana nusu yao nawajua walivyolia. Mimi ndiye Fundi Makame, ngariba. Nimetahiri huku kwetu kusini mwa Pemba mpaka kisiwani Makoongwe, na mwaka mmoja walinifuata watu wa Msuka, kule mwisho wa kaskazini. Walitoka kwao, wakawapita mafundi wote waliomo njiani, wakaja kwangu. Waliwapita wote! Kama hamuamini, nendeni mkawaulize.

Shule niliishia darasa la nne. Leo nina nyumba ya matofali yenye bati la buluu, nina gari, nina mikarafuu yangu mwenyewe niliyoinunua mmoja mmoja, na sikuwa na mjomba serikalini wala baba mwenye shamba. Vimetoka kwenye vidole hivi mnavyoviona. Na nimestaafu mapema, nywele bado nyeusi, kwa sababu siku hizi watoto wanatahiriwa hospitali wangali wachanga, wanachomwa sindano ya ganzi, wakimaliza wananyonya wanalala. Sina kinyongo. Hospitali wanafanya vizuri, tena vizuri sana. Ila nyinyi mnaosomea uuguzi na udaktari, na nyinyi mnaooa leo na kesho mtazaa watoto wa kiume, kaeni hapa kidogo niwape kitu ambacho wenzangu wamekufa nacho.

Kitu chenyewe ni hiki: mtoto wa kiume akishikwa ghafla na maumivu ya korodani.

Mtashangaa ngariba anaingiaje hapo. Anaingia kwa sababu ya aibu. Mtoto anaona aibu kumwambia mama, mama anaona aibu kumwambia daktari, baba yuko shamba. Basi wanasema, "Mwiteni Fundi, yeye keshaona." Kwa hivyo miaka yote ile, mbali ya jando, nilikuwa naitwa kwenye vilio vya namna hii. Na vipo vya kila aina!

Lazima mjue kwanza adui yenu ni nani. Huku kwetu kila kinachouma chini ya kitovu ni mshipa. Mzee kavimba, mshipa. Kijana kanyanyua gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiuno kikamkaba, mshipa. Mtoto wa miaka saba kajikunja analia, mshipa nao huo huo. Na dawa yake ni kukandwa. Mafuta ya nazi yanapashwa moto, mtoto analazwa chali, bibi anaanza kwenye kitovu, anashuka, anapanda, anashuka, mpaka mshipa urudi mahali pake. Ami yangu Hamad, ndugu wa baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na mkono mwepesi kuliko unyoya. Mtoto alikuwa bado anauliza kama itauma, na yeye keshamaliza anakunywa chai. Lakini ukimletea mtoto anayeumwa huko chini hakuwa na neno jengine: mshipa, mkandeni.

Kitu kimoja kizuri alinifundisha, nacho nawapa nyinyi. "Makame," alikuwa akiniambia, "usimuulize mtoto wa kiume wapi panauma. Mtoto wa kiume mwongo wa mahali. Mtazame anavyopanda kidaraja cha baraza." Na ni kweli wallahi! Mtoto atakwambia tumbo. Atakwambia paja. Atakwambia hata kichwa, ili mradi usimvue suruali. Lakini mwambie apande daraja moja tu, utaona mguu upi anauvuta na mkono anauweka wapi. Mimi nilikuwa sikai ndani na mgonjwa. Nasimama juu barazani, namwita aje, nishajua nusu ya habari kabla hajasema salamu.

Mmoja aliletwa akiwa amebebwa na kaka zake wawili, analia mpaka sauti imekauka, mfuko wa korodani umevimba, mwekundu kama embe la kuiva. Mama yake keshapiga magoti. Nikamtazama, nikaona vidoa vidogo vidogo, na kimoja bado kinatembea.

"Umepanda mti gani leo, baba?"

"Sijapanda."

"Hawa majimoto wamekuja na boda boda?"

Kaka zake wakaangua kicheko. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mkarafuuni walikuwa wameingia kwenye bukta wakafanya makao. Maji baridi, dawa kidogo ya mwasho kutoka kituo cha afya, kesho yake anacheza mpira. Mama yake alinipa jogoo.

Huyo ndiye wa kuchekesha. Yule wa Makoongwe hakuwa wa kuchekesha. Aliletwa na mtumbwi, kimya, anatapika, anasema tumbo. Nikampandisha daraja la baraza, akashindwa. Kuangalia, kokwa moja imepanda juu imekaa upande, ukiikaribia tu kwa kidole anaruka. Ami Hamad alikuwa bado hai, akasema mkandeni. Sijui siku hiyo nilipata wapi ubishi, nikampeleka hospitali. Daktari aliyekuwepo alimfungua, na alipomaliza akanitoa nje akanichorea mchangani kwa kijiti. Kokwa, aliniambia, inaning'inia kwenye kamba yake. Ikijizungusha, kamba inajisokota kama mdomo wa gunia unavyosokotwa kabla ya kufungwa, damu haipiti. Saa chache tu inakufa. Mkikanda mnapoteza zile saa.

Tangu siku hiyo nikawa na sheria yangu, na sikuisoma popote: hakandwi, halishwi, hanyweshwi, hangojwi. Halishwi na hanyweshwi kwa sababu huenda akapasuliwa, na tumbo likiwa tupu wale wa dawa ya usingizi wanakushukuru. Niliisema sheria ile kila baraza mpaka watu wakawa wananitania njiani. "Fundi, mke wangu kakasirika. Hakandwi?" "Huyo mkande," nawajibu.

Na mimi nikazidi kunogewa. Wenzangu walikuwa wakifuatilia mipira ya Ulaya, mimi nikawa nafuatilia haya. Nikimpeleka mtoto hospitali siondoki, nangoja mlangoni mpaka niambiwe ilikuwa nini. Mmoja nilimpeleka mbio nikiapa kamba imejisokota, kumbe ana vidoa vya zambarau miguuni na matakoni, magoti yamevimba. Ule ulikuwa ugonjwa wa mishipa midogo ya damu, inawaka mwili mzima na huko pia inafika. Alilazwa, akapewa dawa, akapona bila kisu. Mwengine kokwa yake ilikuwa salama salimini, kilichojisokota ni kinyama kidogo kama punje ya mtama kinachokaa juu yake, na kazi yake hakuna anayeijua. Punje ya mtama, na mtoto anapiga kelele nyumba nzima inatoka! Nikasema sasa nimemaliza. Zote nimeziona. Hakuna atakayeniletea mpya.

Basi sikilizeni ya Sele.

Ilikuwa msimu wa karafuu uliopita, msimu mzuri, shule zimefungwa, watu wote wako shamba. Mimi nimeshastaafu, nimetoka kusali Adhuhuri, nimekaa naangalia karafuu zangu zinavyokauka kwenye majamvi. Nikamwona Kombo anakuja mbio. Kombo ni mchumaji, kijana wa jirani, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa karafuu.

"Fundi, nifuate. Sele anakufa."

Sele ni mwanawe, wa miaka minane, mtoto wa mwisho niliyemtahiri mimi kabla sijaweka wembe chini. Huyu nilikuwa nikimwonea fahari.

"Ana nini?"

"Anaumwa huko. Kavimba. Na mama anasema..." akasita.

"Anasema nini?"

"Anasema ni mkono wako."

Mkono wangu! Nilivaa viatu kinyume, kwa nilivyotoka mbio.

Mama yake Kombo ni Bi Riziki, na Bi Riziki ndiye mkandaji mkubwa wa upande wetu wote. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka, kibakuli cha mafuta kinafuka moshi, kakunja mikono ya gauni tayari kwa kazi.

"Karibu, muharibifu," alinipokea.

"Shikamoo Bi Riziki."

"Marahaba, na usinijie na shikamoo zako. Tazama kazi yako ilivyotoka."

"Kazi yangu ina miaka miwili, Bi. Hata simu mpya hawakupi dhamana ya miaka miwili."

Kombo alitaka kucheka, mama yake akamkata jicho.

Mtoto alikuwa hakulala. Hilo nalikumbuka vizuri. Alikuwa ameegemea ukuta, nusu kakaa nusu kajikunja, magoti juu, hatikisiki, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Nikamwomba radhi nikamtazama. Mfuko umevimba, upande mmoja umegeuka rangi ya zambarau. Nikaikaribia kokwa kwa ncha ya kidole, polepole. Yule wa Makoongwe aliruka. Sele hakuruka. Akanitazama tu, akasema, "Fundi, bega linaniuma."

"Bega!" alisema Bi Riziki. "Mmesikia? Mshipa umeshapanda juu!"

Sasa mtu mwenye akili angelishika lile bega. Mimi nilisema kalalia vibaya. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Hii kokwa imejisokota. Twendeni hospitali."

"Hendi mtu," alisema Bi Riziki, akavuta kibakuli karibu. "Namkanda kwanza tumbo, mshipa ushuke. Usiposhuka ndio mtakwenda huko kwenu."

"Hakandwi, Bi."

"Nimekanda watoto wewe hujazaliwa."

"Na nilipozaliwa ulinikanda na mimi. Mpaka leo nalala upande mmoja."

"Kombo! Mtoe huyu!"

Kombo akasimama katikati yetu, masikini, mkono mmoja kwa mama yake, mmoja kwangu. Vidole vya Bi Riziki vilikuwa vimeshachovya mafuta. Sikungoja Kombo aamue. Niliinama nikamnyanyua Sele pamoja na mto aliouegemea, nikatoka naye. Nyuma yangu nilisikia maneno ambayo siyasemi hapa kwa kuwa yule bibi anaheshimika. Lakini nilipowasha gari alikuwa keshaingia, kakaa nyuma na Kombo, mjukuu wake kati yao, na chupa ya mafuta ya nazi kaipakata.

Njiani mtoto aliomba maji. Nikamwambia Kombo asimpe. Akaomba tena. Bi Riziki akasema nina roho ya chuma. Nilimtazama Sele kwenye kioo, nikaona midomo imekuwa myeupe kama karatasi, na anapiga miayo, miayo juu ya miayo, mchana kweupe. Hapo ndipo nilipoweka mkono kwenye honi nisiutoe tena. Ng'ombe, baskeli, watu na majamvi yao ya karafuu pembezoni mwa barabara, wote walinipisha. Kokwa iliyojisokota haimfanyi mtu kuwa mweupe midomo. Hilo nilikuwa nalijua, lakini nilikuwa naendesha, na anayeendesha hana muda wa kubishana na nafsi yake.

Hospitali tulimkuta Daktari Ramla. Binti mwembamba, umri wa mwanangu wa tatu, miwani, sauti ya chini. Niliingia na mtoto mikononi.

"Daktari, kokwa imejisokota. Andaa chumba."

"Ahsante Fundi," alinijibu. "Na mimi niangalie?"

Akamweka kitandani. Na hapa, nyinyi mnaosoma, mkae vizuri. Hakuanza kule kulikovimba! Alianza na macho. Akashusha kope, akatazama wekundu wake. Akashika mshipa wa mkono, akatazama saa. Akaweka kiganja tumboni, juu juu. Akanyanyua shati akatazama mbavu za kushoto, pana mchubuko wa ukubwa wa kidole kimoja tu, mimi sikuuona kwa kuwa sikunyanyua shati. Mwisho kabisa ndio akatazama nilikokuwa natazama mimi.

"Kokwa zote mbili nzima, Fundi."

"Nzima?"

"Nzima. Huu mfuko umejaa damu, na damu haikutoka humu." Akamgeukia Kombo. "Ameanguka?"

"Huyu? Hapandi mti, daktari. Anaokota karafuu za chini, na wenzake wadogo."

"Sele, umeanguka, baba?"

Sele akageuza uso ukutani.

Hapa mgeni hatofahamu, kwa hivyo nieleze. Kwetu mtoto mdogo anaokota zilizoanguka. Akikua kidogo anaruhusiwa matawi ya chini, na anayechuma analipwa kwa kila pishi aliyoijaza kama mtu mzima, anahesabiwa mbele za watu jina lake likitajwa. Lakini kuna sheria ya shamba. Anayeanguka hapandi tena msimu mzima. Anakaa chini na bibi zake kwenye mkeka, anachambua makonyo. Kwa mtoto wa kiume hiyo ni fedheha kubwa kuliko kulia jandoni. Mtoto atavunjika mkono aseme nimeumwa na mbu.

Daktari aliniita pembeni. "Mimi naita mtu wa mashine ya kupiga picha tumbo, na wa chumba cha upasuaji. Wewe anakujua. Nipatie ukweli wake. Kaanguka lini, kutoka wapi, kwa upande gani. Haraka."

Nikamsogelea. Sikumuuliza chochote. Nilifanya kile ninachokijua kuliko watu wote wa Pemba: nilijisifu.

"Sele," nikamwambia, "mimi nilipokuwa kama wewe nilianguka mkarafuu. Mrefu! Ulikuwa unafika juu ya bati la msikiti. Nilianguka toka kileleni, nikavunja matawi yote njiani, na hakuna mtu wa shamba lile aliyewahi kuanguka kutoka juu kuliko mimi. Hakuna mpaka leo."

Uso ukageuka taratibu.

"Wangu mrefu zaidi," alisema.

"Hauwezi."

"Mrefu! Ule wa karibu na kisima. Niliona mpaka barabarani."

"Ule? Muongo weye. Ule hapandi mtoto."

"Nimeupanda! Jana asubuhi. Tawi likakatika, nikapiga hapa." Akagusa mbavu zake za kushoto kwa kidole kimoja. "Kwenye kigogo. Lakini sikulia. Mwenzangu Musa ataapa kuwa sikulia. Fundi, usimwambie baba, nitatolewa."

Baba yake alikuwa amesimama miguuni pake. Kombo aliziba mdomo kwa mkono wake mweusi, machozi yakampita kwenye vidole.

Mashine ilithibitisha alichokwisha kukishuku yule binti. Bandama lilikuwa limechanika. Lilivuja polepole tangu jana, mtoto anatembea, anakula, anaficha, na leo likaachia. Tumbo limejaa damu. Na Sele, kama watoto wengine wachache, alizaliwa na kijinjia chembamba kutoka tumboni hadi kwenye mfuko, kijinjia ambacho kwa wengi kinaziba, chake hakikuziba. Damu ikakifuata ikashuka. Lile bega lilikuwa linauma kwa sababu damu inachokoza chini ya mbavu na maumivu yanajitokeza begani. Ugonjwa ulikuwa juu, kilio kikatokea chini.

Sasa mtaniuliza, Fundi, ulishangaa? Sikushangaa. Nilikaa sakafuni kwa kuwa miguu ilichoka.

Bi Riziki alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Binti yangu," alimwambia daktari, "ningemkanda tumbo hilo?"

Daktari Ramla alimtazama kidogo. "Asingefika hapa, bibi."

Bi Riziki aliiweka ile chupa chini ya benchi, mbali kabisa ukutani, akarudi akasimama. Mimi ni mtu wa kucheka, mnanijua. Sikucheka.

"Anahitaji damu," daktari akasema, "na ya kundi lake tuliyonayo haitoshi. Nataka watu, na nawataka sasa hivi."

Kombo akatoa mkono. Nikatoa na mimi, wa kwangu ukakataliwa kwa sababu ya presha, jambo ambalo mpaka leo silikubali. Basi nikatoka uani, nikampigia msimamizi wa shamba, nikamwambia aweke simu kwenye sauti kubwa. Nikapiga ukelele uliosikika mpaka wodi ya wazazi.

"Jamani wachumaji! Mtoto wa Kombo yuko kwenye kisu, anataka damu! Shukeni mikarafuuni! Kila atakayekuja, mtoto huyu akipona, atakula kwangu pilau na nyama mpaka anyanyuliwe kwa kushikwa mkono! Nimeweka nadhiri, na Mungu anasikia!"

Nilitegemea watu watano. Lilikuja lori zima! Walishuka na vikapu viunoni, wengine pekupeku, na harufu ya karafuu ikaingia hospitali mpaka wagonjwa wakaamka. Muuguzi akashika kichwa. "Fundi, umeita watu wangapi?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha mwaka mzima!"

Waliofaa wakalala mmoja mmoja, mijitu mikubwa inayopanda mti mrefu bila kamba, ikafumba macho kwa woga wa sindano. Mmoja alizimia kabla hata hajaguswa, na wenzake hawajamsamehe mpaka leo. Damu ikaingia ndani kwa Sele. Mlango ukafungwa.

Bi Riziki alikuwa anavuta uradi kwa tasbihi. Kombo alikuwa anazunguka. Mimi nilijaribu kuwasimulia wachumaji ule mkarafuu wangu wa zamani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu katikati ya hadithi yangu mwenyewe sikukumbuka nilikuwa nimefika wapi.

Alasiri tukaisali uani, na Magharibi tukaisali hapo hapo. Tulipokuwa tunakunja mikeka Daktari Ramla akatoka, kofia yake mkononi, miwani imemuachia alama puani.

"Bandama tumelitoa, halikuwa la kushonwa. Yeye yupo. Anaendelea vizuri. Ameamka kidogo, anauliza kama atatolewa kwenye kuchuma."

Lori zima lilipiga takbiri! Kombo alisujudu pale pale kwenye saruji. Bi Riziki alinishika mkono, akanivuta chini mpaka sikio langu likafika kwake, akaninong'oneza, "Muharibifu weye," na akaubusu mkono wangu. Mimi, aliyenikanda nikiwa mtoto!

Haya, chukueni yenu. Mtoto wa kiume akiumwa ghafla huko, hakandwi, halishwi, hanyweshwi, hangojwi. Nilikosea jina la ugonjwa wa Sele, nikawa sahihi kwa mwendo wa kumkimbiza hospitali, kwa sababu jina halikuwa kazi yangu, mwendo ndio ulikuwa kazi yangu. Na nyinyi mtakaovaa makoti meupe, nyanyueni shati. Tazameni kope. Mtoto mweupe midomo, mwenye kiu, asiyetaka kulala chali, mkitazama kule kulikovimba tu mtampoteza mkiwa mnamtazama. Wala msimtishe mtoto kwa sheria mpaka aone afadhali afe kuliko kusema ameanguka. Shamba letu tumeibadilisha ile sheria: anayeanguka akasema siku ile ile, anahesabiwa pishi zake kama kawaida mpaka arudi. Mimi nimeipendekeza, bila shaka. Na Sele, kwa kuwa hana bandama, anachomwa chanjo zake na homa yake haingojwi hata kidogo. Kombo anajua, na namkumbusha kila ninapomwona, mpaka ananikimbia.

Mtoto aliporudi na nguvu zake nikatimiza nadhiri. Waliotoa damu wakaja. Wasiofaa kutoa wakaja, wakasema nia inahesabika. Yule aliyezimia akaja na ndugu zake. Wakaja wa vijiji ambavyo lori lile halikupita, wanaapa kuwa walikuwa wamesimama nyuma. Bi Riziki akasimamia masufuria, akanifokea mbele ya wageni kuwa kuni ni mbichi. Sele akakaa katikati ya mkeka, shati juu, anaonyesha kovu lake, na kila akisimulia mti wa kisimani ulizidi kurefuka, mpaka ikawa kileleni kwake unaiona Unguja. Nilimwacha aseme. Ng'ombe niliyemnunua kwanza hakutosha, ikabidi nitume mtu akachukue mbuzi wawili. Mchele, mafuta, viungo, soda, kukodi masufuria, na mtu wa kuyaosha, vyote pamoja nimelipa mimi mfukoni mwangu shilingi milioni mbili, laki tatu, sitini na nne elfu na mia tano.